Kosa Linalotembea

Alhamisi, 4 Julai 2002

Tangu Karimu achukuliwe sina mtu wa kubishana naye juu ya waya, basi nitabishana na karatasi. Sisi wawili hatukuweza kufungua gari bila kugombana. Mume wangu aseme kosa liko kwenye rele, ile swichi ndogo ya umeme, mi niseme liko kwenye masi, waya unaogusa bodi, tuwekeane sambusa, atakayeshindwa anunue. Amenilia sambusa nyingi Karimu, na mimi nimemlia zake.

Leo amekuja mgeni na Landikruza nyeupe ya patroni mmoja, tajiri wa Kibenga. Watu wa hapa Buyenzi wamezoea kuniita Mama Fundi, lakini wageni wote huangalia nyuma yangu kutafuta mwanaume. Huyu hakutafuta. Ni dereva, anaitwa Libère, mrefu, mwembamba, amekaa ndani na vioo vyote vimefungwa kwa jua hili la kiangazi, na usoni hana hata tone la jasho.

"Klima inazima, Mama Fundi."

"Inazima wakati gani?"

"Ikitaka."

Nimechukia jibu hilo. Nikamwambia gari si mke wa mtu, halitaki wala halikatai, na kama hajui kueleza ashuke anipishe. Akafungua kinywa, akakifunga, akashuka.

Kompresa ya klima, mashine ya baridi ya gari, ina sumaku mbele. Ukiipa umeme inashika, unasikia tak! na baridi inaanza. Leo haishiki. Taa yangu ya kupimia inawaka vizuri kabisa, kumbe umeme wenyewe ni wa kujionyesha tu, ukiupa kazi unalala. Watu wa namna hiyo ninawajua pia. Nimefuata waya mpaka karibu na batri, nikakuta umekatika ndani ya ngozi yake, nyuzi tatu tu ndizo zimeshikilia. Nikaunga kwa kiungo cha Baba.

Marehemu Baba hakuwa anasokota waya na kufunika utepe kama hawa wa siku hizi. Aligawa nyuzi za shaba mafungu mawili, moja akalipeleka kuume, moja kushoto, akazirudisha ncha chini, akafunga kwa uzi wa cherehani uliopakwa mshumaa, mizunguko saba, ndipo utepe. Alisema kiungo hiki ni cha nyumba, hakitoki nje. Alinifundisha mimi, kisha akamfundisha Karimu siku ya tatu ya harusi yetu, mlango umefungwa. Baba amekwenda. Tumebaki wawili tu tunaokijua.

Jumamosi, 6 Julai

Vumbi. Hakuna mteja. Moshi wa nyasi umefunika ziwa, milima ya Kongo haionekani.

Alhamisi, 11 Julai

Mabomu ya milimani yalilia tangu alfajiri. Mama mkwe wangu, Bi Lubna, alihesabu kwa tasbihi mpaka nikamwambia aache. Akaniuliza tena: "Waridi, tusome hitma lini?" Nikamjibu tena: hatusomi. Mtu hasomewi hitma kwa kuchelewa nyumbani. Tarehe 19 Machi Karimu alikwenda kutengeneza lori barabara ya Rumonge, waasi wakashuka kutoka mlimani wakachukua watu tisa. Hakuna aliyeleta maiti wala shati. Mi ni mke wa mtu mpaka nionyeshwe kaburi.

Aliikunja tasbihi akaingia ndani. Ananiogopa kidogo, na hilo linaniumiza.

Alhamisi, 18 Julai

Acha niandike kwa utaratibu.

Landikruza imerudi. Klima imezima tena. Safari hii waya wa batri ni mzima, kosa limehamia kwenye rele. Nikaufungua utepe wangu wa juzi nihakikishe. Kiungo changu kipo. Shibri moja kando yake kipo kingine, na si changu. Shaba imegawanywa mafungu mawili, kuume na kushoto, uzi una mshumaa. Nikahesabu mizunguko kwa ukucha. Saba.

Tena mimi ncha ya uzi naimalizia juu. Hii imepitishwa chini. Karimu ndiye anayepitisha chini, tumegombana miaka tisa juu ya ncha hiyo!

Taa iliniponyoka mkononi. Nikamwuliza Libère nani amegusa gari hili.

"Mi naendesha tu, Mama."

"Unalipeleka wapi?"

"Kila mahali."

Aliniangalia kama mtu anayengoja kitu. Nilipochelewa, akageuza uso.

Ijumaa, 19 Julai

Sikumwambia mtu. Nimekwenda kuswali, nimesahau rakaa nimesali ngapi.

Alhamisi, 1 Agosti

Nimegundua anakuja Alhamisi, kila baada ya wiki mbili, wakati patroni wake ana vikao Rohero kutwa nzima. Na nimegundua jambo la pili. Kosa linatembea. Kwanza lilikuwa kwenye batri, halafu rele, leo liko pale waya unapotoboa ukuta wa injini kuingia ndani kwa watu. Miaka yote niliyofanya kazi hii sijaona kosa linalosogea. Waya ukioza unaoza mahali pake. Hili linaingia ndani ya gari taratibu, kama mgeni anayebisha hodi kila chumba.

Na pale pale ukutani nimekuta kiungo kipya, ncha ya uzi chini.

Libère alikuwa amesimama barabarani nje ya geti. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Hakuna mtu ndani ya gari. Nikasikia tak! Sumaku imeshika. Kisha ikaachia. Kisha tak! tena.

Najua sababu yake. Rele ikigandana inaweza kushika na kuachia peke yake bila ufunguo, Baba alinionyesha. Najua kabisa. Lakini nilirudi nyuma hatua tatu nikasoma Ayatul Kursi, na mikono yangu ilikuwa baridi saa saba mchana.

Nikamwita Bi Lubna. Nikamwonyesha kiungo, nikamweleza ncha. Haoni vizuri, akakipapasa kwa kidole.

"Huu ni mkono wake?"

"Ndiyo, Mama."

"Ako hai?"

"Ako hai. Kuna mahali wanamfungia, wanamtengenezesha magari. Hili gari linapita kwake."

Akakaa chini kwenye mafuta yote yale na kanga yake safi, akalia, na kucheka.

Jumapili, 4 Agosti

Bi Lubna amefua shuka za Karimu. Hazikuwa chafu.

Alhamisi, 15 Agosti

Kosa liko chini ya dashibodi. Nililala chali chini ya usukani, miguu nje, nikalikuta. Sasa nimefanya hila. Sikumaliza kiungo. Nimesokota, nimerudisha ncha, nikaacha bila uzi, nikakunja utepe juu juu tu. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya kazi, mi nasokota, yeye anafunga. Mtu mwingine akifungua ataona uzembe wa fundi. Yeye ataona ninamwita.

Bi Lubna amempelekea Libère chapati na chai ya tangawizi. Alikula ameinamisha kichwa. Nilimwangalia kwa mlango na nikamchukia. Huyu anamwona mume wangu kwa macho yake kila wiki mbili, kisha anakula chapati ya mama wa Karimu bila kusema neno! Ni mlinzi wao au ni mbwa wao, sijui.

Alhamisi, 22 Agosti

Si wiki yake. Hata hivyo nilifagia uwanja mara mbili.

Alhamisi, 29 Agosti

KIMEFUNGWA. Mizunguko saba, mshumaa, ncha chini.

Nilibusu waya, nasema ukweli, nilibusu waya mchafu wa gari la watu. Kisha nikaona kitu. Karimu anakata uzi kwa meno. Siku zote, hata nikimpa mkasi mkononi. Uzi huu umekatwa kwa moto, ncha yake ni kidonge cheusi. Nikaangalia vile viungo vingine viwili. Moto, na moto.

Kwa nini hatumii meno? Wamempiga? Wamemng'oa?

Sikumwambia Bi Lubna. Nimeandika kwenye karatasi ndogo: "Karimu, uko wapi? Sema mahali tu. W." Nikaikunja, nikaiviringa ndani ya utepe. Kosa safari hii lilikuwa nyuma ya kisanduku cha fyuzi cha kushoto, umbali wa mkono kutoka kiti cha dereva.

Jumanne, 3 Septemba

Nimeota nasikia tak, tak, tak chumbani. Nimeamka, ni bomba la maji.

Bi Lubna anaweka sahani ya tatu. Anasema ni mazoezi.

Alhamisi, 12 Septemba

Mvua ya kwanza. Fupi, matone makubwa, harufu ya vumbi ikapanda mpaka kooni.

Karatasi imerudi. Nilitangulia kuona ukubwa ule ule, nyuma ya kisanduku kile kile, mikunjo ile ile minne. Nikaifungua. Haina kitu. Si kwamba maandishi yamefutika, apana, ni karatasi nyingine, mpya, imekatwa sawasawa na yangu na kukunjwa kama yangu. Nyeupe mbele, nyeupe nyuma. Nimeiweka juu ya taa, juu ya mvuke, nimeipaka limau na majivu kama mwendawazimu. Hakuna herufi.

Nani anajibu barua kwa karatasi tupu? Nimekaa nayo mapajani mpaka adhuhuri. Nikajipa sababu: wanamchunga, wanamwachia mikono tu, amekatazwa kuandika. Sababu nzuri. Lakini baridi ya woga haikunitoka. Kwa mara ya kwanza nilitamani gari lile lisirudi.

Nikatoka nikamwambia Libère: "Mwambie nimepata."

Akasema, "Nimwambie nani, Mama?"

Alhamisi, 26 Septemba

Halikuja.

Ijumaa, 27 Septemba

Halikuja.

Jumatatu, 30 Septemba

Mvua siku nne. Watu wa Buterere wamepanda juu ya meza, mchele wao uko chini ya maji. Mi nawaza gari la klima. Mungu anisamehe.

Bi Lubna ameniuliza mara sita leo kama nimesikia injini. Nilimkaripia. Akasema polepole, "Binti yangu, mi nilishamwachia Mungu mwezi wa saba. We ndiye umenirudishia." Nikatoka nje nikasimama mvuani.

Jumanne, 8 Oktoba

Mwezi wa Shaabani umeandama jana. Nimepaka hina, nimevaa kanga yangu nyekundu, nimejifukiza udi. Nimejiambia atakuja kabla ya Ramadhani. Jirani wamecheka, "Mama Fundi anangoja bwana!" Nikawaambia ndiyo, na nyie ngojeni wenu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Limekuja asubuhi. Nilimwambia Libère asubiri, nakwenda kuswali dhuha, nitarudi baada ya nusu saa. Nilisema uongo. Nilizunguka kwa jirani, nikapita mlango wa nyuma, nikasimama ukutani kwenye matofali ya matundu, nikachungulia. Nilitaka kumwona akizungumza na mtu, akipokea kitu, lolote.

Libère aliangalia geti. Akafungua mlango wa kushoto, akapiga magoti. Akatoa wembe mfukoni, akakata waya.

Anakata mwenyewe! Miezi mitatu nafukuza kosa ndani ya gari, kumbe kosa lina miguu na limekula chapati zetu.

Nilikuwa nimekwisha kuokota spana. Lakini hakuishia hapo. Alimenya waya, akagawa shaba mafungu mawili. Moja kuume. Moja kushoto. Akarudisha ncha. Akatoa uzi wa kijani, akaupitisha kwenye kipande cha mshumaa, akazungusha, na midomo ikihesabu. Ncha akaipitisha chini. Akawasha kiberiti, akaukata uzi kwa moto.

Nilikaa pale pale juu ya ndoo. Mikono ilikuwa ya Karimu kabisa, jinsi kidole gumba kinavyotangulia, na juu yake uso wa mtu mwingine.

Sijui nilimfikia vipi. Nakumbuka nimemshika shati.

"Nani amekufundisha?"

"Ni yeye, Mama."

"Ako wapi?"

Akauachia waya ule. Hapo nikajua, lakini nilitaka aseme.

"Amekufa, Mama Fundi. Mwezi wa sita, jumapili ya kwanza, tarehe mbili. Homa. Dawa haikukuwako."

Nilimpiga. Si kofi la wanawake, ngumi, mara mbili, na hakujikinga. Nikamwambia sema yote, na akasema yote, amesimama kwenye mvua iliyoanza kunyesha, damu ikimtoka puani. Alikuwa mmoja wa wale tisa. Huko juu walimtumia Karimu kuchaji batri na kutengeneza redio, na Libère alikuwa mbeba batri. Usiku walifungwa pamoja kamba moja. Karimu alimfundisha kiungo kwa waya za redio mbovu, ili wasiwe wazimu. Wiki mbili baada ya kumzika, Libère alitoroka.

"Alisema, ukifika, fanya hiki mbele ya mke wangu, atajua mi ndiye nimekutuma. Alisema nyumba yenu haitoi kiungo kwa mutu hivi hivi."

"Na kwa nini hukusema? Siku ya kwanza! Ulikuwa na kinywa!"

"Nilifungua kinywa. We ukanigombeza juu ya gari." Alipangusa pua. "Nikasema acha, nitamwachia kiungo, akikiona ataelewa. Na askari wakisikia nilikuwa kule, wataniuliza nilikuwa na nani. Halafu nikaona unafurahi. Mama mzee akaniletea chapati. Kila Alhamisi nakuja kusema, kila Alhamisi nashindwa. Nikawa naukata waya karibu na kiti, karibu zaidi, nikasema labda utanikamata."

"Ile karatasi?"

"Nilikaa nayo wiki mbili. Ukimwuliza maiti ako wapi, mi niandike nini? Nikiandika jina lake nimekuwa mwongo. Nikaikata ile ingine nikaikunja tu."

Nikamfukuza. Nilimrushia spana, ikavunja taa ya nyuma ya gari la patroni wake. Bi Lubna alikuwa amesimama mlangoni tangu sijui lini. Hakulia. Alirudi ndani akaondoa sahani ya tatu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimekwenda kwa shehe baada ya swala. Nilivaa nyeupe. Nikamwambia naanza eda leo, anihesabie miezi minne na siku kumi.

Akaniuliza marehemu alikufa lini. Nikamwambia tarehe mbili, mwezi wa sita. Akahesabu kwa vidole miezi ya mwandamo, akahesabu tena, kisha akaniangalia kwa huruma ambayo sikuitaka.

"Mwanangu, eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu siku ya habari. Yako imekwisha siku tatu nyuma."

Nikamwambia haiwezekani, sijakaa. Akasema imekwisha hata kama hukujua, huna dhambi, unaweza kuvaa upendavyo.

Siku tatu nyuma nilikuwa napaka hina. Nilikuwa mjane kiangazi chote, na kumbe najifukiza udi, nabusu waya, nawajibu jirani kwa maneno makali. Hata kumlilia sikuachiwa siku moja ya haki. Nimerudi nyumbani na nyeupe yangu, sijui ni ya nini, na sikuivua.

Jumamosi, 12 Oktoba

Bi Lubna anataka Libère aitwe. Nilisema haingii kwangu. Akasema, "Ni kwangu pia." Ni mara ya kwanza kunipinga tangu niolewe.

Jumapili, 13 Oktoba

Amekuja kwa miguu, patroni amemwachisha kazi kwa ile taa. Pua imevimba. Tulikuwa tumemaliza hitma, wasomaji wameondoka, mikeka iko chini bado. Alivua viatu mlangoni akabaki pale pale, mkristo wa watu, hajui kama anaruhusiwa. Bi Lubna akapiga mkeka kwa kiganja, akaja akakaa.

Nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa na maneno ya kumtoa damu zaidi ya ile ngumi. Bi Lubna akanitangulia. Alimwuliza neno moja tu, na sauti yake ilikuwa ndogo, nikajua ndilo lililokuwa linamnyima usingizi tangu Machi.

"Nani alimuosha?"

Libère akaangalia mikono yake.

"Mi, Mama. Hakukuwa na muislamu mwingine. Alinifundisha na hiyo, ile wiki ya mwisho, pale alikuwa bado anaweza kusema. Tulikuwa tunafanya mazoezi kwa nguzo ya hema. Mara tatu. Maji yalikuwa ya mvua. Nilimfunika na shuka, sikuangalia. Yale maneno sikuyajua, nilisema yale alinishikisha kwa kichwa, sijui kama niliyasema muzuri."

Bi Lubna akaushika mkono wake wa kulia kwa mikono yake miwili, akauweka shavuni.

Yale maneno yangu makali sikuyapata tena. Nilimsogelea nikamwuliza alianza kumuosha upande gani.

"Wa kuume," akasema. "Alinirudilia sana, nisisahau."